Folda ya Pamoja Ilipokataa Kufunguka: Kuielewa Samba na Seva ya UNIX

Tangu toleo la 24H2 la Windows 11 lilipoanza kusambazwa mwezi Oktoba 2024, swali moja limekuwa likiulizwa karibu kwa maneno yale yale katika ofisi ndogo, shule na maduka ya steshenari. Kompyuta imejisasisha usiku, asubuhi folda ya pamoja iliyokuwa ikifunguka miaka yote haifunguki, na kwenye skrini kuna ujumbe unaosema kwamba sera za usalama za taasisi zinamzuia mgeni asiyetambulika. Mwenye ofisi hajawahi kuweka sera yoyote. Fundi anaitwa, anazima na kuwasha rauta, anabadilisha waya, kisha anatoa hukumu kwamba Microsoft wameizuia Linux, mfumo unaoiendesha seva ya ofisi, kwa hiyo seva iliyokaa kwenye kona miaka yote haifai tena na inunuliwe nyingine.

Hukumu hiyo si ya kweli, na mara nyingi inagharimu fedha ambazo ofisi haina. Seva ileile inaweza kuendelea kufanya kazi bila kubadilishwa hata skrubu moja, ila inabidi kwanza kuelewa nini hasa kimekataliwa na nani amekataa. Folda ya pamoja haifunguki kwa ruhusa moja. Kati ya mtu anayebofya na faili analolitaka kuna milango minne, kila mmoja una mlinzi wake, na fundi asiyejua amesimama kwenye mlango upi ataishia kuivunja yote minne ili mmoja ufunguke.

Tuanze na maneno yenyewe. Seva ni kompyuta yoyote inayokaa ikisubiri kuombwa kitu na kompyuta nyingine. Si lazima iwe mashine kubwa yenye feni za kelele, maana hata kompyuta ya mezani iliyotumika miaka saba inaweza kuwa seva. Seva ya mafaili huombwa mafaili, na seva ya uchapaji huombwa kuchapa. UNIX ni ukoo wa mifumo ya uendeshaji ulioanzia katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Leo katika ukoo huo tunazo FreeBSD na Solaris, pamoja na Linux, ambayo haikurithi msimbo wa UNIX ya awali lakini imejengwa kwa kufuata mila zake, kiasi kwamba msimamizi aliyezoea moja hapotei kwenye nyingine. Itifaki ni utaratibu wa mazungumzo kati ya kompyuta mbili: nani anaanza, anasema nini, na anajibiwaje. Windows inapotaka faili lililo kwenye kompyuta nyingine hutumia itifaki iitwayo SMB, iliyobuniwa na Barry Feigenbaum wa kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Microsoft wakaichukua na kuipanua. UNIX haikuzaliwa na itifaki hiyo. Samba ni programu huria inayoiwezesha UNIX kuizungumza.

Karani anayezungumza lugha mbili

Aliyewahi kufuatilia jalada lake katika ofisi ya serikali anaijua masjala. Majalada yako ndani kwenye rafu, na mwombaji haingii humo. Anasimama dirishani, anajitambulisha, anataja jalada analolitaka, karani anaangalia kama anaruhusiwa kuliona, analitoa, kisha anaandika kwenye daftari ni nani amelichukua ili mwingine akija ajue liko mikononi mwa nani. Samba ni karani huyo. Daftari lake lipo kweli: ukiandika amri ya smbstatus kwenye seva utaona kila mtu aliyeunganishwa, kutoka kompyuta ipi, na faili gani amelishikilia wakati huo. Ndiyo maana wawili wanapofungua kitabu kimoja cha Excel, wa pili huambiwa kimefungwa kwa sababu kinahaririwa na mtu mwingine. Wengi huiona hali hiyo kuwa ni hitilafu, kumbe ni karani anayezuia kazi ya mmoja isifutwe na mwenzake.

Karani huyu ana kazi ya pili iliyo ngumu zaidi, nayo ni ukalimani. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, ilhali kwenye Linux «Bajeti» na «bajeti» ni mafaili mawili tofauti yanayoweza kukaa pamoja katika folda moja. Windows hueleza ruhusa kwa orodha ndefu ya nani anaweza kufanya nini. UNIX, kwa mila yake ya asili, hutaja makundi matatu tu, yaani mwenye faili, kikundi chake, na watu wengine wote. Samba hutafsiri yote haya kila sekunde, na sehemu kubwa ya matatizo yanayowasumbua watu hutokea pale ambapo tafsiri haina neno linalolingana upande wa pili.

Nimesikia ikisemwa kwamba Samba ni nakala ya wizi ya Windows. Historia yake inasema vingine. Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, alipotaka kompyuta yake ya DOS, mfumo wa zamani uliotangulia Windows, ione mafaili yaliyokuwa kwenye mashine ya UNIX. Mwishoni mwa mwaka 1991 alianza kunasa mawasiliano yaliyopita kwenye waya, akaangalia kompyuta moja inauliza nini na seva inajibu nini, akaandika programu inayojibu vivyo hivyo bila kuwa na mstari hata mmoja wa msimbo wa mtu mwingine. Ni kama mtu anayejifunza lugha kwa kukaa sokoni na kusikiliza. Jina la awali la programu liligongana na alama ya biashara ya kampuni nyingine, ndipo akatafuta kwenye kamusi ya kompyuta neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo, likatoka neno Samba. Baadaye, kutokana na kesi ya Tume ya Ulaya dhidi ya Microsoft iliyoamuliwa mwaka 2004 na kuthibitishwa mahakamani mwaka 2007, kundi la Samba lilipata nyaraka rasmi za itifaki mwezi Desemba 2007 kwa ada ya euro 10,000. Toleo la 4.0, lililotoka Desemba 2012, liliweza hata kushika nafasi ya seva kuu ya utambulisho wa watumiaji wa Windows katika taasisi nzima, kazi ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa haiwezekani nje ya Microsoft.

Kuisakinisha ndiyo sehemu nyepesi. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, ni amri moja ya apt, kwenye FreeBSD ni amri moja ya pkg, na baada ya dakika chache smbd, ambayo ndiyo programu inayosikiliza maombi ya mafaili na uchapaji, iko tayari. Maamuzi yote huandikwa katika faili moja la maandishi ya kawaida liitwalo smb.conf, ambalo kwenye Linux hukaa katika folda ya /etc/samba. Kabla ya kulitumia, amri ya testparm hulisoma na kuonyesha makosa ya uandishi. Kazi iliyobaki, na ndiyo itakayochukua miaka, ni ile milango minne.

Mlango wa kwanza: je, seva inafikika?

Hapa sitakaa sana. Seva iwe na anwani isiyobadilika, na fayawoli, yaani kinga inayochuja mawasiliano, iruhusu poti namba 445, yaani njia yenye namba ambayo SMB hupitia, kutoka ndani ya mtandao wa ofisi peke yake. Poti hiyo haipaswi kamwe kuachwa wazi kwa intaneti nzima. Anayetaka mafaili akiwa nyumbani apite kwenye VPN, yaani njia ya siri inayomwingiza kwenye mtandao wa ofisi kupitia intaneti.

Jambo moja tu linastahili kuelezwa kwa sababu limewapotosha wengi. Zamani ukifungua sehemu ya mtandao kwenye Windows uliona majina ya kompyuta zote za ofisi yamejipanga. Orodha ile ilitegemea toleo la kwanza la SMB, ambalo Windows 10 iliacha kuliweka yenyewe kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, na ambalo Samba nayo ililizima katika mipangilio yake ya kawaida kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019. Kwa hiyo seva kutoonekana kwenye orodha si dalili kwamba imekufa. Andika anwani yake moja kwa moja juu ya dirisha la mafaili, kwa mfano \\192.168.1.10\hesabu, na kama ni nzima itajibu. Anayeitaka orodha irudi anaweza kuweka kwenye seva programu ndogo iitwayo wsdd, inayoitangaza seva kwa njia ambayo Windows za sasa zinaielewa. Kulirudisha toleo la kwanza la SMB kwa ajili ya orodha tu ni hatari isiyo na sababu: ni kupitia toleo hilo ambapo virusi vya WannaCry, mnamo tarehe 12 Mei 2017, viliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta na kuzilaza hospitali nyingi za Uingereza.

Mlango wa pili: wewe ni nani?

Huu ndio mlango uliofungwa na Windows 11, na hapa lazima twende taratibu.

Kwenye masjala yetu, mgeni ni mtu anayeruhusiwa kuchukua majalada bila kutaja jina. Ofisi nyingi zimewekewa Samba kwa namna hiyo, folda moja iliyo wazi kwa yeyote aliyeunganishwa na mtandao, kwa sababu hakuna anayelazimika kukumbuka nenosiri. Mimi mwenyewe nimewahi kuifanya seva ya ofisi hivyo, kwa hiyo najua kwa nini inavutia: watu kumi wanaanza kazi siku hiyo hiyo bila kukuuliza lolote.

Sasa, kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 Pro inadai kila mazungumzo ya SMB yatiwe saini. Kutia saini maana yake ni kwamba kila ujumbe unaopita kati ya kompyuta na seva unabandikwa alama ya kihesabu ambayo ni mwenye ufunguo wa mazungumzo hayo peke yake anayeweza kuitengeneza; ujumbe ukichezewa njiani, hata kwa herufi moja, alama haitalingana na mazungumzo yatakatwa. Ufunguo huo unatoka wapi? Unatokana na nenosiri la mtumiaji, kwa hesabu inayofanyika upande wa kompyuta na upande wa seva bila nenosiri lenyewe kusafiri kwenye waya. Mgeni hana nenosiri. Asiye na nenosiri hana ufunguo, na asiye na ufunguo hawezi kutia saini. Windows iliyodai saini inabaki na jibu moja tu la kumpa mgeni, nalo ni kumkatalia, hata kama seva yenyewe iko radhi kumpokea.

Kwa hiyo Microsoft hawakuizuia Linux wala Samba. Samba inajua kutia saini kwa kila mazungumzo ya toleo la pili la SMB na yaliyofuata. Kilichozuiwa ni mtu asiye na jina, na dawa yake ni kumpa jina. Ziko video zinazofundisha kubadilisha rejista ya Windows, yaani daftari la ndani la mipangilio yake, ili wageni waruhusiwe tena, na kweli folda hufunguka. Ila kompyuta hiyo itakuwa imekubali kuzungumza na seva yoyote inayojidai kuwa ni ya ofisi, pamoja na ile aliyoiwasha mtu aliyekaa kwenye chumba cha kusubiri akitumia Wi-Fi yenu.

Kumpa mtu jina huchukua dakika moja, lakini kuna kitendawili kinachowakwamisha wengi. Tuseme Neema tayari ana akaunti kwenye seva ya Linux, anaingia nayo kila siku bila shida. Anajaribu kufungua folda ya pamoja kutoka Windows kwa jina lile lile na nenosiri lile lile, anakataliwa. Anaandika tena polepole, herufi kwa herufi, anakataliwa tena. Hajakosea. Mfumo wa UNIX hauhifadhi nenosiri lenyewe, unahifadhi alama iliyosagwa kutokana nalo, isiyoweza kurudishwa kuwa nenosiri. Windows nayo husaga, lakini kwa kinu kingine, na alama mbili hizo hazifanani wala moja haiwezi kukokotolewa kutoka kwenye nyingine. Ni kama mtu aliyeweka dole gumba benki na saini shuleni kwa mwanawe: ni mtu yule yule, lakini benki haiwezi kumtambua kwa saini iliyoko shuleni. Ndiyo maana Samba ina daftari lake la utambulisho, na msimamizi hulazimika kuandika smbpasswd -a neema, kisha Neema aingize nenosiri mara mbili ili alama ya aina ya pili itengenezwe. Akaunti ya UNIX lazima iwepo kwanza. Samba haimtambui mtu ambaye mwenye nyumba hamjui.

Kikwazo kingine hapa kiko upande wa Windows. Windows hukubali utambulisho mmoja tu kwa kila seva kwa wakati mmoja, na hukumbuka majina ya zamani katika hazina yake ya vitambulisho. Kompyuta iliyokuwa ikiingia kama mgeni inaweza kuendelea kujitambulisha hivyo kimyakimya hata baada ya akaunti kufunguliwa. Futa kumbukumbu hiyo, toka kwenye Windows, ingia upya, ndipo ujaribu. Nimeona saa nzima ikipotea kwenye mipangilio ya seva ilhali kosa lilikuwa limekaa kwenye kompyuta ya mtumiaji.

Milango miwili iliyobaki, na namba 777

Mlango wa tatu ni kanuni za folda husika ndani ya smb.conf. Folda ya wahasibu inaweza kuelezwa kwa mistari michache:

[hesabu]
path = /srv/hesabu
valid users = @wahasibu
read only = no
force group = wahasibu
create mask = 0660
directory mask = 2770

Mstari wa kwanza ni jina litakaloonekana kwenye Windows. Wa pili unasema folda halisi iko wapi kwenye diski. Wa tatu unataja nani anaruhusiwa, na alama ya @ inaonyesha kwamba ni kikundi kizima cha UNIX kiitwacho wahasibu, si mtu mmoja. Wa nne unaruhusu kuandika, maana Samba isipoambiwa hivyo huruhusu kusoma tu. Mitatu ya mwisho inahusu mlango wa nne.

Mlango wa nne ni ruhusa za UNIX zenyewe, na huu husahaulika kuliko yote. Karani anaweza kukukubali kwa moyo mweupe, lakini kama kabati limefungwa naye hana ufunguo, hutapata kitu. Samba inapokuhudumia hujivika utambulisho wako wa UNIX. Kile ambacho akaunti yako isingeweza kukifanya ukiwa umekaa mbele ya seva, hutaweza kukifanya kupitia Samba pia. Kati ya kanuni za smb.conf na ruhusa za UNIX, iliyo kali zaidi ndiyo inayotawala siku zote.

Turudi kwa Neema, ambaye sasa anaingia vizuri. Anahifadhi faili la mishahara. Juma, mhasibu mwenzake, analiona, analifungua, anarekebisha, anabofya kuhifadhi, anaambiwa ni la kusomwa tu. Kesho yake Juma anaunda faili lake, na sasa ni Neema asiyeweza kuandika. Sababu ni kwamba Samba, isipoelekezwa, huliumbia faili jipya ruhusa za 0744. Katika hesabu ya UNIX, 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kuendesha programu au kuingia kwenye folda. Tarakimu ya mwanzo baada ya sifuri ni ya mwenye faili: 7, yaani vyote vitatu. Inayofuata ni ya kikundi: 4, yaani kusoma tu. Ya mwisho ni ya watu wengine wote, nayo ni 4. Kwa hiyo kila mhasibu ni mfalme wa mafaili yake na mtazamaji wa mafaili ya mwenzake.

Hapo ndipo amri maarufu kuliko zote huandikwa, chmod -R 777, inayompa kila mtu ruhusa zote kwa kila kitu. Inafanya kazi, na kwa sababu inafanya kazi husambaa kama ushauri mwema. Maana yake ni kwamba mishahara sasa inasomeka na kubadilishwa na kila akaunti na kila programu iliyoko kwenye seva hiyo, hata ile ya tovuti ndogo ambayo mtu aliiweka mwaka juzi akaisahau. Na kesho tatizo linarudi vilevile, kwa kuwa mafaili mapya yataumbwa tena na 0744. Mistari mitatu ya mwisho katika mfano wetu inalimaliza jambo hilo mahali pake: kila faili jipya linakuwa la kikundi cha wahasibu, kikundi kinaruhusiwa kusoma na kuandika, na wengine hawapati chochote. Kwenye folda yenyewe mmiliki awe kikundi hicho na ruhusa ziwe 2770. Ile 2 ya mbele huiagiza folda irithishe kikundi chake kwa kila kitakachozaliwa ndani yake.

Watumiaji wa Fedora, aina nyingine ya Linux, na jamaa zake wana mlinzi wa ziada aitwaye SELinux, ambaye haangalii namba hizi kabisa bali lebo iliyobandikwa kwenye folda. Bila lebo ya samba_share_t atakataa hata kama kila kitu kingine ni sawa, na wengi humzima kwa sababu hawakuelewa anachotaka.

Na printa je?

Uchapaji una historia yake. Kwenye UNIX za sasa kazi hiyo hufanywa na CUPS, mfumo ulioanzishwa na Michael Sweet na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, ambao Apple waliutumia kwenye kompyuta zao kuanzia mwaka 2002 na kuununua mwaka 2007. Fikiria duka la steshenari mwezi wa mitihani. Walimu kumi wanaleta kazi kwa pamoja. Mhudumu hawezi kuzichapa zote mara moja, anazipokea, anazipa namba, anazipanga, anazipeleka kwenye mashine moja baada ya nyingine. Kupokea na kupanga ni kazi ya CUPS. Samba husimama mlangoni tu, inapokea kazi kutoka kwa Windows na kuikabidhi.

Tatizo linalosumbua ofisi nyingi ni dreva, yaani programu inayoigeuza hati kuwa amri zinazoeleweka na printa ya aina fulani. Zamani Samba iliweza kuihifadhi dreva ya Windows na kuigawa kwa kila kompyuta mtumiaji alipobofya printa. Mwezi Julai 2021 ilibainika kwamba njia hiyo ya Windows ya kupokea dreva ilikuwa na kasoro kubwa, iliyopewa jina la PrintNightmare, na kuanzia Agosti mwaka huo Windows hudai mtu mwenye mamlaka ya msimamizi ndipo ikubali dreva kutoka kwenye seva. Hiyo ndiyo sababu karani wa mapokezi anayejaribu kuongeza printa siku hizi huombwa nenosiri asilokuwa nalo, na si kosa la seva.

Kwa maoni yangu, ofisi inayoanza upya haina haja ya kupitisha uchapaji kwenye Samba. Printa nyingi za mtandao za miaka ya karibuni, na CUPS yenyewe, huzungumza itifaki ya IPP, ambayo Windows, Mac na simu huielewa bila dreva maalumu. Iachie Samba mafaili, uiongeze printa kwenye Windows kwa anwani ya IPP inayopita poti 631. Poti hiyo nayo ibaki ndani ya ofisi, kwa kuwa Septemba 2024 yalitangazwa mapengo katika sehemu ya CUPS inayotafuta printa mtandaoni, na waliokuwa hatarini hasa ni wale walioiacha ikisikiliza kila anayebisha. Kazi zikirundikana bila kutoka, kabla ya kulaumu mtandao andika lpstat -p. Mara nyingi utakuta foleni ilisimamishwa baada ya karatasi kukwama, na hakuna aliyeiambia iendelee. Amri ya cupsenable ikifuatiwa na jina la printa huiamsha.

«Seva ya Linux haishikwi na virusi»

Hili husemwa kwa kujiamini sana, na linanitia wasiwasi kuliko yote. Virusi vya kudai fidia havihitaji kuingia kwenye seva. Vikishaingia kwenye kompyuta ya Windows ya Neema, vinayafungia kwa siri mafaili yote ambayo Neema ana ruhusa ya kuyaandika, pamoja na yale yaliyo kwenye folda ya pamoja. Kwa Samba, huyo ni Neema anayehariri mafaili yake kwa haraka kidogo. Hapa ndipo uzito wa milango ya tatu na ya nne unapoonekana: kama Neema anaandika kwenye folda ya hesabu peke yake, maafa yanaishia humo, kama kila kitu ni 777, ofisi nzima inaondoka.

Samba yenyewe pia si malaika. Tarehe 24 Mei 2017, siku chache baada ya WannaCry, ilitangazwa kasoro iliyokuwamo tangu toleo la 3.5.0, iliyomwezesha mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda kuendesha programu yake ndani ya seva. Masahihisho yalitoka siku hiyo hiyo. Waliosasisha walikuwa salama. Vifaa vidogo vya kuhifadhia mafaili vilivyowekwa juu ya kabati na kusahauliwa havikuwa.

Kuna jambo dogo linaloumiza watu kimya: faili linalofutwa kwenye folda ya mtandao haliendi kwenye pipa la taka la Windows, linatoweka. Samba ina moduli, yaani kipande cha nyongeza cha programu, iitwayo recycle, inayolihamishia kwenye folda ya pembeni, na inafaa kuwekwa siku ya kwanza. Seva yenye mfumo wa mafaili wa ZFS au Btrfs inaweza kupiga picha ya hali ya diski kila saa, na kwa moduli ya shadow_copy2 mtumiaji akabofya faili kwenye Windows na kuyaona matoleo yake ya jana na juzi bila kumwita mtu. Picha hizo, hata hivyo, zinakaa kwenye diski zilezile. Diski ikiungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo, zinaungua nazo, na diski mbili zinazoakisiana ndani ya sanduku moja hupata hatima moja. Nakala rudufu ni ile iliyo mahali pengine, isiyofikika kwa akaunti ya mtumiaji yeyote wa Windows.

Usimamizi wa kila siku wa seva ya namna hii si mzito. Mtu akiacha kazi, akaunti yake izimwe jioni hiyo hiyo kwa smbpasswd -d, na mafaili yake yabaki ya kikundi badala ya kufutwa pamoja naye. Saa ya seva ilingane na ya kompyuta nyingine, maana mahali panapotumia Kerberos, mfumo wa utambulisho unaotegemea saa, tofauti ya zaidi ya dakika tano hutosha kumkatalia mwenye nenosiri sahihi. Masasisho yawekwe. Na mara moja kila mwezi, msimamizi achague faili moja la mwezi uliopita kutoka kwenye nakala rudufu, alirejeshe kwenye folda ya majaribio, na alifungue mbele ya mhasibu ambaye ndiye atakayelitafuta siku litakapopotea.